VICOBA yetu imepitia mwaka wa mafuriko: tathmini ifanyikeje kabla ya kuvunja mzunguko?

Katibu wa Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wenye uzoefu na vikundi vya kuweka na kukopa.

Kikundi kipo Rufiji, upande wa bondeni. Wanachama 25, tunakutana kila wiki. Hisa ni Sh 2,000, mtu ananunua hisa 1 hadi 5, mfuko wa jamii Sh 500 kwa wiki, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mzunguko ulianza wiki ya kwanza ya Januari 2024 na tunatakiwa kuvunja, yaani kugawana fedha za hisa, katikati ya Desemba.

Mafuriko ya Aprili yalituvuruga. Wiki 4 hatukukutana kabisa, kaya 11 maji yaliingia ndani. Katiba yetu inasema aliyepatwa na janga hupewa Sh 50,000. Siku ile mfuko ulikuwa na Sh 187,500, kwa hiyo watatu waliowahi kuomba wakapata, wanane wakakosa, na maneno hayajaisha mpaka leo. Mikopo ambayo haijarudi ni Sh 1,850,000 kwa watu 9.

Sasa wapo wanaosema tugawane kilichopo, tufunge mdomo, Januari tuanze upya. Kamati inataka kwanza tukae tuone mwaka umetufundisha nini. Maswali mawili: kikao cha namna hiyo kinaendeshwaje kisigeuke baraza la lawama? Na hayo madeni tunayaingizaje kwenye mgawo?

---

Mwezeshaji wa Vikundi

Katibu, pole na hongereni kwa kufika Novemba mkiwa bado mnakutana. Nianze na swali la kwanza.

Fanyeni vikao viwili, vipishane wiki moja, na vyote viishe kabla ya siku ya mgawo. Siku ya mgawo watu wana hesabu za sare za shule na mabati vichwani, hakuna atakayesikiliza somo lolote. Na tathmini ikija baada ya mgawo nusu ya watu hawarudi.

Kikao cha kwanza ni cha kukubaliana nini kilitokea, basi. Chukueni karatasi mbili za manila, chora mstari, gawa miezi kuanzia Januari mpaka Novemba. Katibu asome kutoka kwenye daftari: hisa zilizonunuliwa kila mwezi, mikopo iliyotoka, marejesho yaliyoingia, vikao vilivyokosekana. Mambo ya nje yaandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine: maji yalipopanda, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ilipokatika eneo la Somanga baada ya kimbunga Hidaya mwezi Mei, maji yalipopungua. Mkiona vyote kwenye karatasi moja mabishano mengi yanakufa yenyewe. Mtu anayesema "mikopo ilianza kuharibika kwa sababu ya mafuriko" ataona kama marejesho yalikuwa yameanza kulegea tangu Machi au la.

Kisha maswali manne kwa kila tukio kubwa: tulipanga nini, kikatokea nini, kwa nini vikatofautiana, tunabadili nini. Swali la tatu ndilo linaloruka kila mara. Watu hutoka kwenye "kikatokea nini" moja kwa moja hadi "basi tuongeze faini", na faini haijawahi kuzuia maji.

Kuhusu lawama:

- Mwenyekiti asiongoze sehemu inayohusu maamuzi ya kamati. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii wa kata, au mwenyekiti wa kikundi jirani ambaye hana mkopo kwenu.
- Majina hayatajwi. Unasema "mkopo uliotolewa wiki ya 12", usiseme "mkopo wa Mama fulani". Kila mtu anajua ni wa nani, lakini mjadala unabaki kwenye uamuzi.
- Suala zito lipigiwe kura ya siri ya punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, kila mtu anapita nyuma ya pazia na kudondosha punje moja kwenye chungu. Wahesabu fedha wanahesabu mbele ya wote.
- Dakika 90, si zaidi. Baada ya hapo wanaobaki ni wenye hasira tu.

Kikao cha pili ni cha kuandika mabadiliko. Jedwali lenye safu tano: tukio, sababu, badiliko, kifungu cha katiba kinachoguswa, na nani ataandika mpaka lini. Msizidi mabadiliko matano. Badiliko lisilo na kifungu lifuteni, kwa sababu uongozi mpya ukiingia halitakumbukwa. Katiba ikirekebishwa kwa idadi ya kura inayotakiwa na katiba yenyewe, wote waweke sahihi, nakala ipelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii ili jalada lenu lilingane na mnachofanya. Vikundi vyetu viko daraja la nne (la vikundi vya kijamii vya fedha) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mgogoro ukifika halmashauri kitu cha kwanza wanachouliza ni katiba iliyoko kwenye jalada.

Sasa lile la mfuko wa jamii. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kuu la mwaka wenu. Kiwango cha Sh 50,000 kiliwekwa kwa ajili ya janga la mmoja: msiba, kulazwa, nyumba kuungua. Katika janga la namna hiyo wenzake 24 wako salama na ndio wanaombeba. Mafuriko yanapiga watu 11 usiku mmoja, na hao hao ndio wachangiaji. Mngehitaji Sh 550,000 na mlikuwa na 187,500. Hakuna mweka hazina ambaye angeweza kuziba hapo, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kosa liko kwenye kifungu.

Kifungu kipya kinaweza kusomeka hivi: "Yakipokelewa maombi zaidi ya matatu yanayotokana na tukio moja, malipo ya kiwango cha kawaida yatasimama. Baada ya siku 7 salio litagawanywa sawa kwa kaya zote zilizohakikiwa na wanachama wawili ambao hawakuathirika." Kwa Aprili ingekuwa Sh 17,000 kila kaya, inabaki Sh 500. Ndogo, ndiyo, lakini wote 11 wangeipata.

---

Shangazi wa Kikoba

Mwezeshaji umesema vema ila siku 7 ni nyingi mno. Maji yakiingia ndani mtu anataka unga, chumvi, kiberiti na turubai siku ya pili. Wekeni siku 3. Na msitoe salio lote, toeni robo tatu, kwa sababu baada ya maji kupungua ndipo kuhara na malaria vinaanza na watu watarudi kuomba tena.

Jambo lingine, andikeni "kaya" na si "mwanachama". Kama mume na mke wote ni wanachama mtalipa nyumba moja mara mbili halafu mje tena hapa na swali jipya.

---

Hesabu za Sanduku

Ndugu Katibu, naomba takwimu kabla sijajibu la pili. Jumla ya hisa zilizouzwa? Riba iliyokusanywa (iliyoingia mkononi, ile ya kwenye makaratasi sitaki)? Faini, matumizi, na fedha taslimu iliyopo? Halafu kwa wale 9, kila mmoja ana hisa ngapi na anadaiwa kiasi gani? Jumla ya deni peke yake haisemi kitu.

---

Katibu wa Bondeni

Shukrani sana wote. Shangazi, hilo la kaya hatukuliwaza kabisa.

Hesabu: hisa 3,300, yaani Sh 6,600,000. Riba iliyoingia 720,000. Faini 60,000. Matumizi (madaftari, kufuli, nauli za benki) 80,000. Taslimu 5,450,000. Mfuko wa jamii uko pembeni, una 310,000.

Wadaiwa: sita wanadaiwa jumla Sh 1,000,000 na kati yao wana hisa 600, hakuna ambaye deni lake limezidi hisa zake. Watatu wanadaiwa jumla 850,000 na wana hisa 300 tu. Saba kati ya tisa walikopa kwa ajili ya mpunga.

---

Hesabu za Sanduku

Safi. Daftari linalingana: 6,600,000 + 720,000 + 60,000 − 80,000 ni 7,300,000, ukitoa mikopo iliyo nje 1,850,000 unabaki na 5,450,000, ndiyo taslimu yenu. Kikundi ambacho hesabu hii inafunga baada ya mwaka wa namna hiyo kina katibu anayejua kazi yake.

Mfuko wa jamii usiuguse, hauingii kwenye mgawo. Unavuka kwenda mzunguko ujao.

Kosa ambalo watu hufanya hapa ni kuchukua taslimu na kugawa kwa hisa zote: 5,450,000 ÷ 3,300 = Sh 1,651 kwa hisa. Mtu aliyenunua hisa kwa 2,000 anaambiwa amepata hasara ya 349, vurugu inaanza. Hesabu hiyo ni potofu kwa sababu inawalipa wadaiwa taslimu huku deni lao likiwa bado mikononi mwao.

Kosa la pili ni la upande mwingine: kugawa kana kwamba madeni yote yatalipwa. 7,300,000 ÷ 3,300 = Sh 2,212. Inapendeza, ila fedha haipo, mtaishiwa kabla ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni.

Fanya hivi.

Kwanza, wale sita. Deni lao linakatwa kwenye hisa zao, milioni moja inahesabika kama imelipwa.

Pili, wale watatu. Hisa zao 300 zote zinamezwa na deni, hawapokei kitu siku hiyo.

Tatu, thamani ya hisa. Taslimu 5,450,000 jumlisha milioni moja ya wale sita ni 6,450,000. Gawa kwa hisa 3,000 (3,300 ukitoa 300 za wale watatu). Unapata Sh 2,150 kamili.

Nne, hakikisha. Wanachama 16 wasiodaiwa wana hisa 2,400 × 2,150 = 5,160,000. Wale sita wana 600 × 2,150 = 1,290,000, toa deni 1,000,000, wanapokea 290,000. Jumla inayotoka sandukuni 5,450,000. Inafunga mpaka shilingi ya mwisho.

Tano, pengo halisi. Hisa 300 za watatu zina thamani ya 645,000, deni lao 850,000, wanabaki na deni la 205,000. Hilo ndilo jeraha la mwaka mzima, wala si milioni moja na laki nane na nusu. Kwa mwanachama mwenye hisa 130, tofauti kati ya 2,212 na 2,150 ni kama Sh 8,060. Likisemwa hivyo kwenye kikao, watu huvuta pumzi.

Sehemu ambayo hesabu hii huharibika ni pale mdaiwa anapokuja siku ya mgawo na taslimu nusu ya deni lake. Pokea, lakini hesabu yote irudiwe upya kabla mtu yeyote hajalipwa. Wekeni saa ya mwisho ya kupokea marejesho, kwa mfano saa 3 asubuhi, na mgawo uanze saa 5.

---

Mkulima wa Mlao

Saba kati ya tisa walikopa mpunga. Hapo ndipo pa kujifunza, wala si kwenye sanduku.

Bondeni mpunga unapandwa Desemba na Januari, unavunwa Mei na Juni. Mto unajaa Machi na Aprili. Mkopo wa palizi unaotoka Februari na kurudi Juni unapita katikati ya hatari yenyewe, na ukiwapa watu saba mkopo huo huo umeweka mayai yote njiani mwa maji. Pendekezo langu liwe kifungu: mikopo iliyo nje kwa zao moja isizidi asilimia 40 ya mikopo yote kwa wakati mmoja. Kamati iandike kwenye fomu zao au biashara, isiandike "kilimo" tu.

Pili, kalenda ya marejesho. Kila mzee wa Rufiji anajua maji yakishuka kuna kilimo cha mlao: unafuata unyevu, unapanda mahindi ya muda mfupi, kunde, maboga, kuanzia Juni, unavuna Septemba na Oktoba. Mkopo ulioharibikiwa na maji Aprili unatakiwa kuahirishwa mpaka mavuno ya mlao, mwisho wa Oktoba. Ukiahirisha kwa mwezi mmoja mmoja kama vikundi vingi vinavyofanya, unamdai mtu Mei, Juni na Julai wakati hana kitu shambani, anaanza kukwepa vikao, na akishakwepa vikao vitatu umempoteza.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalioni: baada ya mafuriko kamati hufunga mikopo kwa woga. Juni ndiyo wakati ambao Sh 30,000 hadi 50,000 ya mbegu ina faida kuliko wakati wowote wa mwaka. Mahindi ni kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ekari. Tengeni dirisha la mikopo midogo ya Juni, riba ya mara moja, rejesho moja Oktoba.

Angalizo: kabla ya kutoa mkopo wa mlao, mtu mmoja wa kamati aende shambani. Pale mto ulipoacha tope linalopasuka, sawa. Pale ulipoacha mchanga, unyevu unaondoka upesi na mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Na anayepanda mwishoni mwa Julai amechelewa, hata tope likiwa zuri.

Mwisho, utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoka Februari, wa vuli hutoka Agosti. Usomwe kwenye kikao kabla ya kupitisha mikopo ya msimu. Onyo la El Niño lilitolewa 2023, ila vikundi vingi viliendelea kugawa mikopo kwa mazoea.

---

Mwananzengo

Mimi nina ubishi kidogo. Kila mwaka wa janga kuna wanaojificha nyuma ya janga. Mkisema "mikopo yote iliahirishwa kwa sababu ya mafuriko" mnamtukana yule aliyelipa huku nyumba yake imejaa tope.

Gawanyeni wadaiwa mafungu matatu. La kwanza, mali iliyokopewa imeharibika: shamba limekwenda, duka limezama. Hawa riba inasimama miezi mitatu na rejesho linahamishwa. La pili, mali ipo ila soko lilikatika, mfano mwenye samaki au maembe ambaye magari hayakupita. Hawa riba inasimama kwa kipindi kile tu njia ilipofungwa. La tatu, hakuguswa. Huyu analipa na riba yake yote, na asipolipa ni mdhamini wake anayeitwa.

Uhakiki ufanyike ndani ya wiki mbili za tukio, watu wawili waende waone, waandike mistari mitatu na tarehe. Mkisubiri Novemba, kila mtu atakuwa fungu la kwanza.

Na riba ikisimamishwa, gharama isemwe wazi. Mikopo ya 1,850,000 kwa asilimia 5 kwa miezi mitatu ni 277,500, karibu Sh 84 kwa kila hisa. Wanachama wakijua kiasi wanachosamehe, wanasamehe kwa hiari. Wakifichwa, wanaita wizi.

---

Hesabu za Sanduku

Naungana na Mwananzengo. Nyongeza tu: riba ambayo haijaingia msiiandike kama faida popote. Ndiyo maana niliuliza ya mkononi.

---

Shangazi wa Kikoba

Hakuna aliyegusa madaftari. Kama sanduku lilikuwa nyumba ya bondeni, hilo nalo ni somo.

Sanduku la kufuli tatu linazuia mwizi, halizuii maji. Kila kitabu cha mwanachama na daftari kuu viingie kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, kisha kwenye ndoo tupu ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza, ndoo ndiyo iingie sandukuni au ikae juu ya dari. Mtunza sanduku achaguliwe kwa kuangalia na nyumba yake ilipo, si uaminifu peke yake. Watunza funguo watatu wasiwe wote mtaa mmoja, maana mtaa ukizingirwa sanduku halifunguki hata fedha zikiwa salama.

Andikeni kwa kalamu ya kawaida ya bolpeni. Wino wa jeli mara nyingi unayeyuka ukiloa, ukurasa mzima unakuwa wingu la buluu. Kila kikao kikiisha, watu wawili wapige picha ukurasa wa siku hiyo kwa simu zao. Na ule utaratibu wa zamani wa wanachama kukariri salio la mwisho mwanzoni mwa kila kikao, kama mliuacha kwa kuona ni wa kitoto, urudisheni.

Daftari likiloa usilifungue kwa nguvu wala kulianika juani, kurasa zinagandana na kujikunja. Lisimamishe kivulini penye upepo, pachika vipande vya gazeti kila baada ya kurasa chache, badilisha gazeti likishanyonya maji, baada ya siku moja mbili ndipo utenganishe ukurasa mmoja mmoja.

Kama mnahamia akaunti ya kikundi kwenye simu, sawa, ila hakikisheni laini za wanaoidhinisha zimesajiliwa kwa majina yao wenyewe. Laini ya mtoto wa dada ikipotea kwenye maji, kuirudisha ni safari.

---

Katibu wa Bondeni

Hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Kikao cha kwanza tunaweka Jumamosi hii, na dirisha la Juni la mikopo ya mlao nitaliombea kura mwenyewe.

Moja la mwisho: wale watatu wenye pengo la 205,000 wanataka kuingia mzunguko wa Januari. Wengine wanasema wasikubaliwe. Na wakilipa, fedha hiyo ni ya nani?

---

Hesabu za Sanduku

Wakubaliwe, kwa sharti. Ukimfungia mlango hana sababu tena ya kulipa, na wadhamini wake ndio watakaobaki na mzigo. Asaini hati ya deni yenye kiasi chake, mashahidi wawili na ratiba. Anunue hisa kama kawaida lakini asikope mpaka deni la zamani liishe. Kila wiki analipa kidogo. Kwa 205,000 kwa watu watatu mpaka mwisho wa Oktoba, wiki 42, ni wastani wa kama Sh 1,630 kila mmoja, chini ya bei ya hisa moja. Kila mtu alipe kulingana na deni lake.

Fedha ikirudi ni ya wenye hisa wa mzunguko wa 2024, maana ndio waliokatwa zile Sh 62 kwa hisa (2,212 toa 2,150). Daftari dogo la pembeni liandikwe hivyo. Ila kugawa elfu chache chache kwa watu 22 ni kazi ya bure. Pigeni kura ya punje kabla ya mgawo, mkikubaliana iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa jamii. Kura hiyo ifanyike wakati wote bado ni wanachama, kwa sababu Januari wakiondoka wawili au watatu, hao nao wana haki yao humo.